Nakuja Inayoondoka

Katika kampuni ile ya kutengeneza lifti hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mafundi walimwita Mama Dakika, kwanza akiwa amewapa mgongo, kisha usoni pake, na mwishowe hata bahasha zake za ofisini zikawa zinaandikwa hivyo. Hakuona ubaya. Alisema miaka ile aliyokuwa anapokea simu za watu walionasa kwenye lifti alishaitwa majina ambayo hayaandikiki kwenye bahasha.

Ndiyo kazi aliyoanza nayo, kupokea simu. Mtu akikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne anabonyeza kengele, na sauti inayomjibu ilikuwa yake. Wengine walilia, wengine walitukana, mmoja aliimba mpaka akatolewa. Lakini wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa na swali moja tu: fundi yuko wapi? Naye hakuwa na jibu. Aliwaambia yuko njiani, kwa sababu hilo ndilo neno lililokuwepo.

Halafu kampuni ikawanunulia mafundi wote sita simu mpya, ndani yake kukiwa na programu yenye vitufe vinne. Siku ya kuchagua maneno ya vitufe hivyo kulikuwa na ubishi mwingi kuliko hata siku za kuongelea mishahara. Mtunza stoo alitaka maneno mazito, Safarini na Kazini, yanayofanana na kampuni kubwa. Bosi, mama mmoja mrefu anayeweka miwani yake kwenye nywele kisha anaitafuta mezani, akakataa katakata. Alisema kila kitufe kikibonyezwa mteja atapata ujumbe, na yeye anataka mteja aone ameongea na mtu, siyo na serikali. Basi vikaitwa Nakuja, Nimefika, Napumzika na Nimemaliza. Wote wakapiga makofi, na Mama Dakika akahamishwa kutoka kwenye simu akapewa meza ya kona, karibu na dirisha, ahesabu.

Ahesabu nini? Hapo ndipo watu wengi walipokuwa hawaelewi, hata mume wake, ambaye ni fundi viatu na huhesabu jozi tu.

Ni hivi. Simu ya fundi haijui muda. Inajua saa, na hivyo ni vitu viwili tofauti ingawa tunavichanganya kila siku. Fundi akibonyeza Nakuja, unaandikwa mstari mmoja: nani, jengo gani, neno gani, saa ngapi. Akibonyeza Nimefika, unaandikwa mstari mwingine chini yake. Hakuna popote palipoandikwa kwamba ametumia nusu saa barabarani. Hiyo nusu saa imejificha katikati ya mistari miwili, na haitoki mpaka mtu akae chini atoe saa ya juu kutoka kwenye saa ya chini. Kila neno linaishi mpaka neno linalofuata linapozaliwa. Kazi ya Mama Dakika ilikuwa kupita mstari kwa mstari, kutazama wa chini yake, kutoa, na kutia jibu kwenye kapu lake: kapu la njiani, kapu la kazini, kapu la mapumziko. Alisema makapu kwa sababu ndivyo alivyoyaona kichwani. Mashine iliandika 14:20, yeye akasoma kwa mdomo "saa nane na dakika ishirini" bila hata kujua kwamba ameigeuza.

Mstari wa mwisho ndio uliokuwa na vituko. Mstari wa mwisho hauna wa chini yake, kwa hiyo haujui kufa. Ijumaa moja fundi kijana waliyemwita Umeme alisahau kubonyeza Nimemaliza, akaenda zake nyumbani. Jedwali likasema amefanya kazi kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumatatu asubuhi bila kupumua.

"Umeme, ulilala ndani ya lifti?"

"Mama Dakika, mimi mchapakazi, wewe hujui tu."

"Siku tatu! Hata chooni hukwenda?"

"Mliniambia nisifanye kitu kisicho na kitufe."

Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Mama Dakika naye alicheka, lakini jioni hiyo aliweka sharti juu ya jedwali lake, kwa herufi nyekundu: siku ikiisha, kila neno linakatwa saa ya kufunga ofisi, litake lisitake.

Nyumbani waliishi wanne, vyumba viwili na sebule ambayo nusu yake ilikuwa viatu vya watu. Yeye, mume wake, binti yao, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kuikubali ile kazi.

"Mkwe wangu anapima watu wazima kama anachemsha mayai," aliwaambia majirani.

"Mama, si mimi ninayewachemsha," Mama Dakika alijibu. "Mimi natazama saa tu."

Na kweli alikuwa hivyo. Hakuwa mtu wa kumfuatilia mtu. Alipenda tu kuona makapu yanajaa na jumla inalingana na siku nzima, hakuna dakika iliyobaki nje. Jumla ikigoma alikosa hamu ya kula mpaka aijue iliko.

Mambo yalibadilika Jumatatu moja. Bosi aliwaita mafundi wote sita na Mama Dakika, akafunga mlango, akasema bila kuzunguka kwamba mwenye majengo mawili makubwa amehamia kampuni nyingine. Kuanzia mwisho wa mwezi kazi iliyobaki ni ya mafundi watano.

"Mmoja ataondoka," akasema. "Sitaki kuchagua kwa sura wala kwa kujuana. Nitatazama nani anapoteza muda mwingi njiani badala ya kuwa kwenye lifti. Mama Dakika atanipa jedwali la miezi mitatu siku ya Ijumaa. Namba zitasema, mimi nitanyamaza."

Vichwa sita vikageuka kumtazama Mama Dakika, naye akatazama kalamu yake.

Alianza saa hiyohiyo, na kufikia Jumanne mchana makapu yalikuwa yamejaa. Watano kati ya sita walifanana: robo ya siku njiani, iliyobaki wako kazini, mapumziko kidogo. Wa sita alikuwa amevuka nusu. Nusu ya siku zake zote, kwa miezi mitatu, alikuwa njiani.

Alikuwa ni Mstaarabu.

Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, ameshapita hamsini, shati limepigwa pasi hata siku ya kuingia kwenye shimo la lifti. Walimwita Mstaarabu kwa sababu ya salamu zake. Akiingia ofisini anamsalimia kila mtu peke yake, hata aliye kwenye simu anamsubiri amalize. Akitoka anaaga vilevile, mmoja mmoja, na Umeme alikuwa akiapa kwamba siku moja alimwona analiaga gari aliloliegesha. Alipewa majengo ya zamani kwa kuwa mashine zake ni kongwe, na vijana wakizifungua wanakuna vichwa. Umeme mwenyewe alifundishwa kazi naye.

Mama Dakika akarudia hesabu. Ikatoka vilevile. Akarudia mara ya tatu kwa kikokotoo cha mkononi, kama vile mashine ingekuwa na ugomvi na yule mzee. Vilevile.

Bosi akapita nyuma yake, akashusha miwani kutoka kwenye nywele. "Mzee wetu?"

"Bado sijamaliza, Bosi."

"Mbona naona umemaliza?"

"Ijumaa ulisema."

"Haya. Ijumaa." Bosi akaenda zake, lakini alikuwa ameshaona.

Mchana ule Mama Dakika aliacha majumla akarudi kwenye mistari yenyewe, ile mibichi. Mtu akitazama jumla haoni mpangilio, anaona uzito tu. Sasa aliusoma mpangilio, siku moja ya Mstaarabu kutoka juu hadi chini: Nakuja. Nimefika. Nakuja. Nimefika. Nakuja. Nimefika. Nimemaliza. Na jengo ni lilelile. Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu.

Akaegemea kiti. Mtu anakujaje mahali ambapo ameshafika?

Aliwaza mambo mengi, na mengine hayakuwa mazuri. Labda ana kibarua pembeni, anatoroka kazini anarudi. Labda simu yake mbovu. Alimsimamisha Umeme aliyekuwa anapita na kikombe cha chai.

"Ukifika kwa mteja unabonyeza nini?"

"Nimefika."

"Halafu?"

"Halafu nafanya kazi! Nikimaliza, Nimemaliza. Kwani kuna nini? Mzee kaharibu?"

"Kunywa chai yako."

Akampigia Mstaarabu mwenyewe. Yule mzee alimuuliza kwanza habari za nyumbani, za mama mkwe, za binti na masomo, kisha akamjibu kwa utulivu kwamba anabonyeza vilevile walivyofundishwa. Kisha akaongeza, "Mama, najua unahesabu dakika za nani. Wewe andika unachokiona."

Hilo ndilo lililomnyima raha. Alichokuwa anakiona ni mistari, na mistari hakuielewa. Jumatano asubuhi akamwomba Bosi ruhusa atoke na fundi siku moja, akaone namba zinavyozaliwa. Bosi akamtazama kama mtu aliyeomba kwenda kuogelea, lakini akakubali.

Jengo lilikuwa la ghorofa tisa, la watu kuishi, rangi imeanza kubabuka upande wa mvua. Lifti ilikuwa imesimama chini, mlango wazi, unajaribu kujifunga, unagonga, unarudi, unajaribu tena. Pembeni ya ngazi alikuwa amekaa bibi mmoja kwenye kigoda cha kuazima, mfuko wa dawa mapajani. Alikuwa ametoka hospitali asubuhi na anakaa juu kabisa, ghorofa ya tisa.

"Shikamoo mama," Mstaarabu akasema, akainama kidogo.

"Marahaba baba. Utanipandisha leo?"

"Leo leo. Tena kabla miguu haijafa ganzi."

Akamsalimia mlinzi, akamsalimia mtoto aliyekuwa anachezea mlango, akamwambia atoe vidole. Ndipo akatoa simu, akabonyeza Nimefika.

Mama Dakika alikuwa amekaa kwenye kampuni ya lifti miaka mingi na hajawahi kuiona lifti kwa ndani. Mstaarabu akampandisha kwa ngazi hadi juu kabisa, kwenye chumba cha mashine, kidogo kama jiko la watu wawili, kinachonuka grisi. Kulikuwa na gurudumu kubwa la chuma, na juu yake zimepita kamba nene za chuma, zimekaa sambamba kama nyuzi za kinanda. Upande mmoja wa kamba kuna sanduku la abiria, upande wa pili kuna mzigo wa vyuma uliopangwa kama matofali. Watu wakipanda, mzigo unashuka. Wakishuka, unapanda. Mota haibebi uzito wote, inabeba tofauti tu kati ya pande mbili.

"Kumbe nayo inatoa," Mama Dakika akasema.

"Inatoa nini?"

"Inatoa hiki kwenye hiki. Kinachobaki ndicho kazi."

Mstaarabu akacheka. "Basi tuko idara moja."

Waliposhuka aliukagua mlango, akalala kifudifudi na tochi, akainuka na kijigurudumu kidogo kilicholika upande mmoja. Mlango wa lifti hutembea juu ya vijigurudumu hivyo, na kimoja kikilika mlango unayumba, na mlango ukiyumba lifti nzima inagoma kwenda, kwa usalama. Alipekua begi lake. Hakikuwemo cha saizi hiyo. Jengo la zamani, spea zake haziingiliani na za majengo mapya. Ilibidi aende stoo, upande wa pili wa mji.

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Akamwendea bibi.

"Mama, nakuja."

"Haya baba."

Akamgeukia mlinzi. "Nakuja."

"Poa, mzee."

Akamgeukia Mama Dakika. "Nakuja, mama." Akatoa simu mfukoni, akaitazama kwa heshima ileile, akabonyeza kitufe, akatoka getini.

Simu ya jengo, iliyokuwa juu ya meza ya mlinzi, ikalia. Mlinzi akaisoma kwa sauti: "Fundi wako anakuja." Akainua macho kutazama geti, ambako mgongo wa fundi wake ulikuwa unapotelea kwenye kona.

"Kila siku ni hivi," akamwambia Mama Dakika. "Akitoka tu, simu inaniambia anakuja."

"Na wewe unaelewaje?"

"Naelewa ametoka. Si ameaga?"

Mama Dakika akabaki amesimama. Neno hilo amelisema mwenyewe asubuhi ileile. Alipovuka sebule akiruka viatu vya watu alimwambia mama mkwe "nakuja," akijua vizuri kwamba hatarudi hadi jioni, na mama mkwe akamjibu "haya" bila kuinua kichwa. Nani haagi hivyo? Unatoka dukani, unainuka mezani, unakata hata simu, unasema nakuja na huku unaondoka, na kila mtu anaelewa kwamba unaondoka ila hujamtupa. Kila mtu isipokuwa jedwali. Jedwali lilikuwa linachukua safari zote za Mstaarabu za kwenda stoo, kwenda na kurudi, pamoja na foleni ya pale dirishani kwa mtunza stoo, na kuzitupia kwenye kapu la njiani, kana kwamba bado hajamfikia mteja.

Bibi akawa anamtazama. "Umeona nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama. Hivi angekuambia 'naondoka' ungejisikiaje?"

"Aniambie anaondoka na mimi nimekaa hapa na ghorofa tisa zinaningoja?" Bibi akaupiga mfuko wa dawa kofi. "Ningelia, wallahi."

Mstaarabu aliporudi, jasho limelowesha ile pasi yote ya shati, alibonyeza Nimefika kwanza ndipo akafungua begi. Mama Dakika alimsubiri afunge kijigurudumu, mlango ujifunge, ufunguke, ujifunge tena bila kugonga. Bibi akapandishwa. Wakabaki wawili mbele ya lifti.

"Fundi, ulipokuwa unakwenda stoo ulibonyeza Nakuja."

"Ndiyo."

"Kwa nini, na ulikuwa unaondoka?"

"Sasa ningebonyeza nini?" Akatoa simu akamwonyesha kana kwamba hajawahi kuiona. "Napumzika? Siendi kupumzika. Nimemaliza? Sijamaliza. Nimefika? Ndiyo kwanza naondoka."

"Ungeacha tu, usibonyeze."

Akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Niondoke bila kuaga?"

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo lote. Wenzake watano nao walikwenda stoo, kama yeye. Tofauti ni kwamba wao wakienda hawabonyezi chochote, kwa hiyo kwenye simu walibaki wamefika, wako kwa mteja, wanachapa kazi, na huku wamesimama kwenye foleni ya stoo wanapiga soga. Safari zao zilijaa kwenye kapu la kazini bila wao kujua. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiiambia simu kila anapokwenda, na huyo ndiye aliyekuwa anaondolewa.

Alhamisi nzima alitengeneza upya. Sharti alilolichagua lilikuwa fupi: tangu fundi anapofika kwa mteja mara ya kwanza mpaka anapomaliza, muda wote ni wa kazi, hata kama katikati amesema nakuja mara kumi. Ukitoa mapumziko tu. Sharti hilohilo kwa wote sita. Lakini hakuwa na amani nalo. Usiku wa Jumatano mume wake, gundi mkononi, alikuwa amemuuliza swali ambalo hakulipenda.

"Umemhurumia?"

"Sijui."

"Maana ukimhurumia, hiyo siyo hesabu tena."

Kwa hiyo Alhamisi alichukua kipande cha karatasi akakibandika kwenye kioo cha kompyuta, juu ya safu ya majina, akaifanya kazi yote bila kujua mstari ni wa nani. Alipokibandua, Mstaarabu alikuwa wa tatu. Wote sita walikuwa wamekaribiana mno. Wa kwanza na wa mwisho walipishana, kwa siku, muda ambao mtu anaweza kuupoteza akifunga kamba za viatu na kuzifungua tena.

Kulikuwa na jambo jingine alilolihisi: kwamba Umeme hubonyeza Nimefika akiwa bado yuko kona ya barabara, ndiyo maana huonekana ana mbio. Lakini hilo hakuliona kwenye mistari wala kwa macho yake. Hakuliandika.

Ijumaa Bosi alilisoma jedwali akiwa amesimama.

"Jumanne alikuwa wa mwisho. Leo wa tatu. Jumatatu si atakuwa anakalia kiti changu?"

Mama Dakika akamweleza. Akamwonyesha mistari, Nakuja iliyokuja baada ya Nimefika, jengo lilelile. Akamsimulia habari za mlinzi na ujumbe wake.

"Sawa, lakini kwenda stoo si njiani?" Bosi akauliza. "Barabara ni barabara."

"Ni njiani, Bosi. Ila nikihesabu safari zake za stoo, lazima nihesabu za wote, na za wote sina. Hawakubonyeza. Siwezi kumhesabia mmoja kwa sababu alisema na kuwaachia watano kwa sababu walinyamaza."

Bosi akaketi. Akatafuta miwani mezani, akaipata kwenye nywele. Akaanza kucheka, polepole, akirudia "fundi wako anakuja" mpaka macho yakamtoka machozi. Kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Sasa nimtoe nani?"

"Namba hazisemi."

"Mimi nilitaka ziseme."

"Najua, Bosi. Zimekaribiana. Ukimtoa wa mwisho, unamtoa kwa sababu ya kamba za viatu."

Bosi akazungusha kalamu. Sasa ilibidi achague mwenyewe, jambo alilolikimbia tangu Jumatatu, na uso wake ulionyesha hakulipenda. Mchana akawaita wote. Alisema hakuna anayeondoka. Kazi ya watano itafanywa na sita, na kitakachokatwa ni Jumamosi: kuanzia mwezi ujao hakuna kazi ya Jumamosi kwa mtu yeyote, na malipo yake hakuna. Halafu akatangaza kitufe cha tano, Nafuata spea, na kwamba asiyekibonyeza asije kumlilia.

Mafundi walitoka wakinung'unika. Jumamosi ndiyo iliyokuwa inanenepesha mfuko. Umeme alipita kwenye meza ya kona, akainama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stoo, "Mama Dakika, umetutafunia Jumamosi kama andazi."

"Na yangu imo humohumo," akamjibu. "Niliitafuna ya kwangu kwanza."

"Si bora angeondoka mmoja tukajua moja?"

"Ungependa awe nani?"

Umeme akageuza shingo. Alimtazama yule mzee aliyekuwa bado amesimama mlangoni kwa Bosi anampa mkono, kisha akatoka nje akipiga mluzi usio na wimbo.

Mstaarabu alikuja mwisho, baada ya kuaga kila meza. Alivuta kiti, akaomba ruhusa ya kukaa, akakaa. Alikuwa ameshaambiwa na Bosi mambo yote.

"Kwa hiyo nilikuwa nafukuzwa kwa sababu naaga."

"Ilibaki kidogo."

Akatikisa kichwa, siyo kwa hasira, kama mtu aliyeonyeshwa mashine ya aina asiyoijua. "Hicho kitufe kipya nitakibonyeza," akasema. "Lakini 'nafuata spea' si maneno ya kumwambia mtu mzima aliyekaa kwenye kigoda. Ya mdomoni yatabaki vilevile."

"Ya mdomoni siyahesabu."

"Sawa." Kisha akasogeza kiti karibu na kioo, ambako mistari ilikuwa midogo mno kwa macho yake. "Nisomee wangu."

Mama Dakika akamsomea. Njiani, robo ya siku na ushee. Mapumziko, kidogo, kidogo kuliko ya wote. Kazini, sehemu yote iliyobaki, miezi mitatu.

"Hiyo ya mwisho ni ya kazini?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ndefu kuliko zote?"

"Ndefu kuliko zote."

Mzee akapangusa vumbi lisilokuwepo kwenye ukingo wa meza. "Irudie," akasema, "lakini taratibu."

Naye akairudia, taratibu, kidole chake kikifuata mstari, mpaka ukafika mwisho.